Saa Yenye Rimoti

Jumamosi, saa saba mchana.

Kitwana aliiweka saa mezani, katika chumba cha uani, Magomeni. Kwa kuitazama ni saa ya mkononi tu. Ila ndani ina rimoti: ielekeze kwenye runinga, bonyeza, chaneli inabadilika na hakuna anayejua ni nani kafanya.

Mpango ulikuwa mfupi. Duka la sonara Harshad, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, limetazamana na baa, na Jumamosi mchana huwa limefungwa. Mlinzi wake, Zakayo, huangalia mpira akiwa kitini kwake, kupitia mlango wa baa. Mpira ukipotea, lazima aingie kulalamika. Hapo Kitwana atakata kufuli na kuzoa dhahabu. Mboni, mdogo wake Filbert, atashika usukani wa pikapu. Filbert atakaa baa na saa.

"Mkimaliza mnanipitia?" Filbert aliuliza.

"Wasiwasi wa nini, mshikaji?"

Filbert hakuamini hata neno. Kazi iliyopita Kitwana alimwacha juu ya ukuta, Filbert akala miaka miwili gereza la Keko. Safari hii haachwi mtu. Bora wakose wote.

Saa kumi kasorobo.

Nigeria walikuwa wanashambulia. Filbert akabonyeza. Kikaja kilimo cha mahindi, baa nzima ikawaka. Severa, mwenye baa, akarudisha mpira, Filbert akauondoa. Walimlaumu Severa, wakailaumu antena. Zakayo akaingia na rungu lake, naye akawa fundi.

Filbert akachungulia nje. Kitwana alikuwa kwenye usukani, injini inanguruma. Mboni haonekani. Hasira zikampanda: mshenzi huyu kamaliza, kamtosa dogo, sasa ananitosa na mimi.

Akaurudisha mpira. Watu wakakaa. Zakayo akarudi kwenye kiti chake na kukuta kufuli limekatwa.

"Mwizi!"

Aliyechomoka dukani, begi kifuani, alikuwa Mboni. Ndipo Filbert alipoelewa. Kitwana alikuwa amebadili nafasi: hatari kampa kijana, usukani kachukua yeye. Pikapu ikaondoka.

Baa ikamwagika barabarani, wengine na viti mkononi. Filbert alibonyeza, akabonyeza tena, awarudishe. Mahindi, kwaya, mpira. Hakuna aliyegeuka. Alitaka kutoka, akaishia mlangoni. Aliogopa kuliko alivyompenda mdogo wake, na alilijua hilo.

"Kaka!" Mboni alikuwa akiita. "Kaka Filbert!"

Filbert akaielekeza saa kwenye runinga, akaongeza sauti.