Jani la Isale Lililovuka Mlima

Katika zama za misafara ya pembe, kila mteremko wa Kilimanjaro ulikuwa na Mangi wake, mtawala wake, na kila Mangi alimhesabu jirani yake kuwa mwizi wa ng'ombe. Nchi ya Kisarini ilikuwa upande wa machweo, nchi ya Urieni upande wa macheo, na kati yao makorongo ambayo mtu akianguka humo hatafutwi. Watu wa pwani walipanda huko na marobota ya nguo za merikani, shanga na bunduki za gobori, wakanunua pembe, wakanunua na watu. Walipoondoka waliziachia nchi zote mbili baruti ya kutosha kuendelea kuchukiana. Waimbaji wa mlimani wanayakumbuka hayo yote, hata rangi za ng'ombe waliotekwa. Mkunde, mke wa Mlatie, hawamkumbuki, na kisa hiki ni chake.

Mumewe alikuwa kiongozi wa vijana wa mkuki wa Kisarini. Alivaa njuga mguuni na manyoya ya mbega mabegani, na mkuki wake ulifuliwa na wahunzi wa Ugweno. Katika shambulio la mwisho dhidi ya Urieni alimuua kijana mmoja mlangoni pa zizi, na baadaye ikajulikana kuwa alikuwa mtoto wa pekee wa dada yake Mangi wa Urieni. Kisarini nzima ikamwimbia Mlatie. Hizo nyimbo ndizo zilizomponza, maana Mangi wake hakuweza kuvumilia jina la mtu mwingine lisikike kuliko lake.

Shangazi yake Mkunde alikuwa mpishi wa Mangi. Asubuhi moja alikuja na kikapu cha magimbi kichwani, akakaa jikoni kwa Mkunde kama mtu aliyekuja kuomba moto.

"Mwanangu, Mangi na wazee wamekwisha kukubaliana," alisema bila kuinua macho. "Mumeo ataitwa kunywa mbege, na hatarudi. Wewe na watoto mtapewa watu wa pwani, wako njiani wanakuja. Mimi sikufika hapa."

Mlatie alipoambiwa hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda, akamwangalia Ndewira, binti yake aliyekuwa ameanza kutunza mbuzi, na Kirita, mwanawe wa kiume ambaye bado alinyonya.

"Njia za chini zote zina walinzi," alisema. "Kila korongo lina daraja moja, na kila daraja lina vijana niliowafundisha mwenyewe. Imebaki njia ya juu, ile ya wawinda perere, wale pimbi wa msituni. Inapita juu ya msitu, chini ya theluji."

"Hakuna aliyewahi kupitisha mtoto huko, baba Ndewira."

"Ndiyo sababu haina mlinzi."

"Na tukishavuka, tunakwenda kwa nani?"

"Urieni. Ndiyo nchi pekee yenye ubavu wa kumkatalia Mangi wetu."

Mkunde alicheka, kicheko kibaya. "Kwa watu uliowaulia mtoto!"

"Nitakwenda na isale," akasema Mlatie.

Hapo Mkunde akaacha kucheka. Isale ni mmea wa majani marefu mabichi ambao watu wa mlimani huupanda kwenye mipaka na juu ya makaburi ya wazee wao. Mkosaji akikata jani kaburini kwa babu yake, akalipeleka kwa mikono miwili kwa yule aliyemkosea, haombi peke yake tena, ukoo wake mzima unaomba pamoja naye. Aliyekosewa hawezi kukataa hata kama amefiwa na mtoto. Ila jani lazima litoke kwenye ardhi ya mkosaji, na lazima lifike likiwa bichi.

Waliondoka kabla jua halijatoka, kama watu wanaokwenda shamba. Mlatie alikata jani kaburini, akalifunga kwa ganda bichi la mgomba, kisha akalizungushia joho lake la ngozi za perere ili upepo usilikaushe. Hilo joho alituzwa vitani, na lilikuwa nguo ya joto pekee waliyokuwa nayo. Mkunde alibeba ndizi za kuchoma, kibuyu cha maji na kisu chake cha kukatia mikungu, akakichomeka kiunoni.

Msituni walipanda wakidondokewa na maji ya majani, huku mbega wakiwazomea juu ya miti. Ndewira hakujua kuwa wanakimbia, akajiona anatembezwa. Msitu ulipokatika ghafla na kilele cha Kibo kikasimama mbele yao cheupe, alisimama katikati ya njia, akaacha mdomo wazi.

"Mama, nani amemwaga chumvi yote ile?"

"Mungu," akasema Mkunde. "Alijikwaa."

Mlatie akacheka mpaka Kirita akaamka. Mkunde alikikumbuka kicheko hicho maisha yake yote, kwa kuwa ndicho cha mwisho alichokipenda.

Nyika ya juu haikuwa na mgomba wala mfereji. Ilikuwa majani makavu na mawe, na mimea minene isiyo na jina iliyosimama ukunguni kama wazee waliojitanda shuka. Kichwa cha Mkunde kilianza kumgonga. Kirita alitapika maziwa yote, akakataa kunyonya. Alasiri ikanyesha mvua ya mawe, ikawachapa mpaka wakapata pango dogo chini ya mwamba. Hapo Ndewira, aliyekuwa akiuliza maswali tangu asubuhi, akaacha kuuliza.

Mlatie akaenda kutafuta kuni zisizolowa. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, na baridi ilikuwa inapanda kutoka ardhini. Mkunde alikuwa amemfunga Kirita kifuani, ngozi kwa ngozi, wala kifua hakikubakiza nafasi ya mtoto wa pili. Ndewira alitetemeka hadi meno yakagongana. Kisha akaacha kutetemeka. Midomo yake ikawa na rangi ya ini, akasema kwa sauti ya mlevi kwamba haoni tena baridi, anataka kulala tu.

Mkunde aliogopa vile ambavyo hakuwahi kuogopa vitani wala uzazini. Akalifungua joho, akalitoa jani na kuliweka kando, akamvingirisha mtoto kwa joho kutoka kisigino hadi utosini, akamsugua na kumwita jina. Alipomsikia akilalamika kuwa anaumia, ndipo akalikumbuka jani.

Alilitendea kama alivyofundishwa na mama yake kutendea mche. Watu wake ni watu wa mifereji, na kwao kitu kibichi kinakufa kwa kiu tu. Akalisimamisha kwenye ufa wa mwamba na ganda lake la mgomba, akalimwagia maji ya kibuyu, akaliambia pole. Mlatie aliporudi na kuni zake chache aliliona jani nje ya joho. Alifungua mdomo. Akamwangalia binti yake, akaufunga.

Kulipokucha Ndewira alikuwa hai, anadai ndizi. Jani lilikuwa limesimama kwenye ufa, limevikwa barafu, linang'aa vizuri kuliko lilivyong'aa kaburini, na Mkunde akafurahi. Kisha jua likaligusa. Barafu ikayeyuka, na jani likalegea, likageuka jeusi na laini kama ndizi iliyosahauliwa kwenye jivu. Mlatie alilichukua kwa mikono miwili. Hakumlaumu mkewe, na ingekuwa afadhali angemlaumu.

Waliteremka upande wa Urieni. Miguu ya Ndewira ilikuwa imevimba, basi Mkunde akambeba mgongoni na joho lake, Mlatie akambeba Kirita. Walipotoka msituni, mpaka wa Urieni ulikuwa mbele yao: safu ndefu ya mimea ya isale, masale mabichi, mengi, yanadondosha umande. Hapakuwa na mtu.

Mkunde akasimama. "Kata moja."

"Hapana."

"Baba Ndewira, nani atajua?"

"Haya yamepandwa na wazee wao. Nitamwombaje mtu msamaha kwa jani la babu yake mwenyewe? Huo ni wizi. Mimi si mwizi."

"Na ng'ombe uliowatoa huku, uliwaomba?"

"Ile ilikuwa vita," akasema Mlatie, na uso wake ukafungika. "Nitampelekea lililo langu, na nitamwambia kweli."

Mkono wa Mkunde ulikuwa umefika kwenye mpini wa kisu. Angeweza kukata. Jani lilikuwa karibu kiasi cha kumlowesha kiwiko.

"Mkunde," mumewe akaita, taratibu, kama anavyoitwa mke anayeheshimiwa.

Akautoa mkono wake.

Mangi wa Urieni aliwapokea uani kwake, amevaa shuka jekundu la pwani, wapiganaji wake pande zote na ngao zao za ngozi ya nyati. Pembeni yake alikaa dada yake, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Mlatie alimrudishia mkewe Kirita kifuani, akaweka mkuki chini, akapiga magoti, akalinyoosha jani kwa mikono miwili.

Mangi hakulipokea. Alilitazama. "Jani hili limekufa."

"Lilikuwa hai nilipolikata, Mangi. Baridi ya mlima imeliua."

"Hata mpwa wangu alikuwa hai ulipomkuta."

Mangi akafikiri, kwa maana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo Mkunde hakuwahi kulisamehe.

"Lingefika bichi, ungelala kwangu kama ndugu, nami nisingekuwa na neno," akasema. "Usingeleta kitu, ungelala pale zizini ulipomlaza yeye. Umepita kwenye masale yangu mabichi na mkono wako hukuutia. Hilo nimeliona, na kwa hilo nakuachia roho yako. Lakini msamaha ulionao mkononi ni nusu. Nusu nyingine atasema mwenye msiba."

Dada yake hakuinuka. "Damu yake siitaki," alisema. "Damu haitanichotea maji, wala nikiita haitaitika. Namtaka huyo." Akanyoosha kidole kwa Ndewira, aliyekuwa amechungulia kutoka ndani ya joho.

"Nichukue mimi," Mkunde akalia. "Nitakuchotea maji mpaka nife!"

"Mtu mzima haleleki, mwenzangu. Na wewe una mwingine kifuani."

Mkunde akamgeukia mumewe. Simba wa Kisarini, aliyeimbiwa katika makorongo yote, alikuwa anatazama jani lake jeusi. "Mangi amesema haki," akasema.

Ndewira aliondoka na joho. Mkunde alimfunga vizuri shingoni, akamwambia aende, atakuja kumchukua.

"Lini?" mtoto akauliza.

"Miguu yako ikipona."

Miguu ilipona upesi, kama ya watoto wote. Ndewira akapewa jina jingine, na Mkunde akakatazwa kumwita la zamani, hata kwa kupaza sauti kutoka ng'ambo ya korongo. Mlatie alipewa shamba na mgomba wa kuanzia. Baadaye akapewa vijana wa kuongoza, na Kisarini ilipokuja kupigana aliwashinda watu aliowafundisha mwenyewe. Urieni ikamwimbia. Wimbo huo bado unaimbwa, wimbo wa shujaa aliyepita penye masale mabichi akakataa kukata la mwenzake. Mkunde alimpikia shujaa huyo, akamfulia, akamzalia watoto wengine. Kumpenda hakuweza tena.

Miaka ilipita. Siku moja, katika soko la wanawake, mama kijana mwenye masongo ya shaba mikononi na mtoto mgongoni alisimama mbele ya magimbi ya Mkunde. Akayageuza geuza kama anayechagua. Mkunde alimjua kabla hajainua uso.

"Umekua," akasema kwa sauti ndogo.

"Nimelelewa vizuri," akajibu Ndewira. "Alinipenda yule mama. Nimemzika mwezi uliopita, ndiyo maana nimekuja kukuuliza neno moja." Akayaweka magimbi chini. "Siku ile tulipita mpakani. Nilikuwa mgongoni kwako, nimeamka. Masale yalikuwa mabichi, na kisu kilikuwa kiunoni mwako."

"Baba yako alikataa, mwanangu."

"Baba alikuwa amembeba Kirita," akasema Ndewira. "Aliyenibeba mimi ni wewe."

Hakusema kwa hasira. Alingoja kidogo, kama mtu mwenye adabu anavyongoja jibu, kisha akamrekebisha mtoto wake mgongoni, akaenda zake kati ya wanawake wanaouza chumvi.

Mkunde aliyaacha magimbi yake pale pale. Akapanda mpaka kwenye mpaka, mwanamke mzee sasa, akishika magoti kila alipofika penye mwinuko. Masale yalikuwa yamenenepa, yamefungamana. Akachomoa kisu chake cha mikungu na kukata jani moja. Lilikatika kwa mara moja, laini, kama jani jingine lolote. Alisimama nalo mkononi mpaka jua likainama, akingoja walinzi, au wazee wa makaburini, au mtu yeyote aje amuulize amekata kwa ruhusa ya nani. Hakuja mtu.