Kinyama Tumboni mwa Fundi Bomba

Fundi bomba wetu alikuwa mtu wa maneno mengi. Akizibua sinki la mtu, mtaa mzima utajua. Lakini siku za karibuni akipanda ngazi kwenye matangi ya maji, alihema kama aliyebeba tangi lenyewe.

Mkewe akamburuta hospitali. Damu ilikuwa imepungua, na choo chake kilikuwa cheusi. Daktari alimpitishia mdomoni mpira mwembamba wenye kamera, akaona kinyama kimeota ndani ya tumbo. Kilikuwa kinavuja damu. Akampa siku ya kurudi kukitoa.

Fundi hakurudi.

"Kinyama kikiguswa na chuma kinaamka," alimwambia mkewe. "Kinasambaa mwili mzima. Mjomba wangu alipasuliwa, hakukaa sana akafa."

Mke alikosa raha. Akamwita jirani yao, muuguzi, akamsimulia yote.

"Shemeji, mjomba alikwenda hospitali lini?" muuguzi aliuliza.

"Alipozidiwa kabisa."

"Basi ugonjwa ulishasambaa. Kisu kimesingiziwa tu. Vinyama vingi vya tumboni si saratani, lakini vingine vikiachwa hugeuka. Kwa macho tu hatujui. Ndiyo maana kinatolewa, kinapimwa."

"Mtanipasua tumbo?"

"Hapana. Ni mpira ule ule. Ndani yake hupita kitanzi cha waya, kinakikata kinyama. Utapewa dawa usisikie maumivu. Ila ukiambiwa usile wala kunywa kabla, tii."

Mke akadakia: "Kila siku unasukuma waya kwenye mabomba ya watu. Leo zamu yako, unaruka ukuta!"

Fundi alicheka. Kisha akainamisha kichwa. "Naogopa, mke wangu."

"Hata mimi. Twende tukaogope pamoja."

Walikwenda. Kinyama kikatolewa, na jioni fundi alikuwa nyumbani. Vipimo vilionyesha pia vijidudu tumboni. Akapewa dawa za kuviua na vidonge vya kuongeza damu. Alimaliza dozi zote, ingawa alishapata nafuu mapema.

Siku ya majibu, mkewe alishindwa kuingia kwa daktari. Alibaki kwenye benchi la nje kwa woga.

"Si saratani," daktari alisema.

"Rudia, daktari."

"Si saratani. Ila utarudi tukuangalie tena."

"Nitarudi, wallahi nitarudi! Sasa sema mara moja tena, kwa sauti. Mke wangu yuko nje."

Daktari akainuka, akafungua mlango, akamwambia mke yeye mwenyewe.