Vipimo vya Kifaru

Kila siku nikitoka shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuokota pini. Mama ni fundi cherehani, na fundi akishinda anakata na kubana vitambaa tangu asubuhi, sakafu yake haikanyagiki. Nilikuwa na sumaku niliyoifunga kwenye uzi. Niliiburuta chini ya meza, chini ya kiti cha wateja, mpaka kwenye kona yenye pazia ambako watu hujaribia nguo. Ni kazi ya dakika kumi. Mimi niliimaliza kwa tatu, kisha nikaanza kugusagusa vitu visivyonihusu. Ndiyo maana Mama aliniita Kiherehere, na jina hilo likanikaa kuliko lile la shuleni.

“We Kiherehere, tulia! Unawashwa na nini?”

“Siwashwi, Mama.”

“Basi weka chini huo mkasi.”

Mama alishona sare za shule, mapazia na suruali kama mafundi wengine. Lakini alikuwa na wateja ambao mafundi wengine hawakuwa nao: wanamieleka wa ukumbi wa michezo, ule ulio nyuma ya kiwanda cha mbao. Kaptura zao zinazong'aa, vinyago vyao na majoho yao, vyote vilipita kwenye cherehani ya Mama. Vipimo vyao aliviandika katika daftari lenye jalada jeusi. Hakuandika jina la mtu hata mmoja. Kila mteja alikuwa na alama yake: nyota, ufunguo, kikombe. Nani ni nyota na nani ni kikombe, alijua yeye peke yake.

“Daftari hili si la kusoma,” aliniambia. “Mwili wa mteja ni siri ya mteja. Umesikia?”

Nilisikia. Kusikia hakukuwa tatizo langu.

Jumanne ile Mama alitoka kwenda kununua uzi wa dhahabu, akaliacha daftari mezani likiwa wazi. Naapa sikulifungua mimi. Nilisogea tu, nikainama tu, macho yakasoma yenyewe. Juu ya ukurasa paliandikwa: “Joho la bingwa, Jumamosi.” Chini yake palikuwa na alama ya ufunguo, halafu: “Kiuno, inchi thelathini na nane.”

Thelathini na nane! Moyo ulinilipuka. Bingwa wetu alikuwa Kifaru, na kiuno cha Kifaru nilikijua. Mwaka uliopita nilimsaidia Mama kumpima, ikabidi nizunguke nyuma ya mzee mzima kupokea ncha ya futi, maana mikono ya Mama haikufika. Ilikuwa inchi arobaini na sita. Sasa thelathini na nane kingekuwa kiuno cha nani, kama si cha Nyigu, yule kijana mrefu aliyekuwa apambane na Kifaru Jumamosi? Kila mtu anajua kwamba katika mieleka ya maonyesho mshindi hupangwa mapema. Basi wamepanga Nyigu achukue mkanda wa ubingwa! Na mimi ndiye niliyejua, mimi peke yangu mji mzima.

Ungekuwa wewe ungetulia? Mimi miguu ilinipeleka mlango wa pili, kwa kinyozi.

Kwa kinyozi hakukuwa na siku isiyo na ubishi wa mieleka. Wenyewe hawakubishania nani ana nguvu. Walibishania ya nyuma ya pazia: nani anaelewana na promota, nani amenyimwa mkataba, nani anabebwa.

“Kifaru hanyang'anywi mkanda,” alisema fundi baiskeli, mikono yake ikiwa bado na grisi. “Watu wanajaza ukumbi kwa ajili ya lile tumbo lake. Promota atakata tawi alilokalia?”

“Tumbo limezeeka, ndugu yangu,” alijibu karani mstaafu, ambaye alikuja kunyolewa ndevu kila siku ingawa ndevu zenyewe zilikuwa nne. “Bingwa ni biashara. Umeyaona mabango mapya? Nani yuko mbele? Nyigu! Hapo kuna jambo.”

“Nyigu yuko mbele kwa sababu ana sura nzuri. Ungekuwa wewe wangekuweka nyuma ya bango.”

Watu wakacheka. Kinyozi akazima mashine ili asimkate mtu sikio. Nami pale mlangoni nikawa nahama mguu mmoja hadi mwingine kama mtu aliyebanwa na haja.

“Mimi najua!” nikaropoka.

“Unajua nini, mtoto wewe? Nenda kaokote pini.”

Maneno hayo yaliniuma. Nikasema, “Nyigu anachukua mkanda Jumamosi. Joho lake linashonwa kwa Mama. Kifaru hawamtaki tena.”

Karani mstaafu akageuka na povu lake kidevuni. “Nani kakwambia?”

Hapo ndipo ilipaswa niseme ukweli: nimeona namba kwenye daftari, mengine nimeyakisia. Lakini namba moja ya kiuno ingewatosha wale? Wangenicheka. Nikasema, “Nimemsikia promota mwenyewe, kwa masikio yangu haya mawili, akimwambia Mama.”

“Lahaula!” fundi baiskeli akashika kichwa.

“Lisemwalo lipo,” karani akasema, na kinyozi akanipisha nikae kwenye kiti chake cha kuzunguka. Nilizunguka mara tano. Sijawahi kujiona mkubwa kama siku hiyo.

Jumatano asubuhi, njiani kwenda shule, nilisikia wapiga rangi wawili wakisema Kifaru kafukuzwa. Wakati wa mapumziko mwenzangu wa dawati aliniambia Kifaru na promota wamepigana ngumi. Nilipokuwa narudi nyumbani, Kifaru alikuwa tayari ameuza nyumba. Mimi nilisema neno moja, hayo mengine yametoka wapi? Nilikaa, nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi. Niliokota pini mara tatu, na mara ya tatu hazikuwepo.

“Leo umekuwaje?” Mama aliuliza.

“Hamna kitu.”

Alinitazama kidogo, kisha akaendelea kushona lile joho. Lilikuwa jekundu, na ukingo wake ulishonwa kwa uzi wa dhahabu. Sikuweza kuliangalia.

Alhamisi, nikiwa na sumaku mkononi, mlangoni pakaingia giza. Ni Kifaru aliyesimama pale. Shingo alikuwa ameizungushia kitambaa, na alipogeuka aligeuza mwili mzima.

“Shikamoo, mjomba,” nikasema kwa sauti ya mbu.

“Marahaba, mwanangu.” Kisha akamgeukia Mama. “Mama Fundi, usilimalize lile joho. Mimi Jumamosi sipandi ulingoni.”

Mama akaacha kukanyaga cherehani. “Kaka, shingo imefanyaje?”

“Jana mazoezini. Tunao ule mrusho wetu, mimi na Nyigu. Yeye ananiinua, mimi naruka kidogo kumsaidia, naye ananishika shingo nisifike vibaya. Tumeufanya mara mia. Lakini jana kaja ananicheka, anasema kinyozi wake kamwambia mkanda ni wake na mimi natupwa, promota kasema hapahapa kwako. Nikakasirika. Hakika nilikasirika. Aliponiinua sikuruka, nikamkazia. Akayumba, mkono ukamponyoka. Nimeangukia hapa.” Akagusa kitambaa. “Daktari anasema ilibaki kidogo tu nisitembee tena.”

Niliiangusha sumaku. Hakuna aliyegeuka.

“Na wewe, Mama Fundi,” Kifaru akaendelea, “ulinipima kunizuga? Nilikuvulia shati. Ukiacha wenzangu wa ukumbini, wewe tu na daktari mnajua nilivyo.”

Akaipandisha fulana yake. Sikuwa nimejificha, nilikuwa palepale kando ya pazia, nikaona. Lile tumbo halikuwa tumbo. Lilikuwa sponji, limekatwa vizuri na kushonewa kwenye mkanda mpana, na mshono niliutambua kuwa wa Mama. Nilikuwa nimemwona akilikata lile sponji miezi kadhaa nyuma, nikadhani anashona mto. Ndani ya sponji kulikuwa na mtu wa kawaida tu, mwenye kiuno cha inchi thelathini na nane.

Ufunguo alikuwa Kifaru.

“Nani aliyekuzuga, kaka?” Mama akasema. “Joho ni lako. Promota hajasema neno kama hilo hapa, na mwaka huu hata hajafika. Anatuma ujumbe tu.”

“Basi nani kasema?”

Mlango ulikuwa wazi, na miguu yangu ilitaka kukimbia. Nilijua nikinyamaza kinyozi ndiye atakayebeba lawama, au Nyigu. Pia nilijua Kifaru ataondoka akiamini Mama ni msaliti. Nilifungua mdomo, machozi yakatangulia.

“Ni mimi, mjomba. Niliona namba kwenye daftari nikakisia. Halafu nikadanganya kwamba nimemsikia promota. Sikumsikia. Nilitaka tu wanisikilize.”

Nilingoja kofi au kelele. Mama hakupiga wala hakufoka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alifunga daftari jeusi, akaliweka juu ya kabati.

“Vaa viatu,” akasema. “Tunakwenda ukumbini.”

“Mama, utawaeleza wewe?”

“Mimi nilisema nini mpaka nieleze?”

Ukumbini, tulikofika pamoja na Kifaru, kulinuka jasho na mbao mpya. Promota, mwanamume mwembamba mwenye simu mbili, alinisikiliza huku akitembea huku na huku. “Unajua ulichofanya?” akafoka. “Miezi minane huyu anapunguza uzito kwa ajili ya presha! Jumamosi alikuwa avue joho, watu wamwone alivyo, awaambie na wao wakapime presha zao. Miezi minane tumeificha! Halafu kiherehere kimoja...” Akashindwa kumaliza. Sijui nani alimwambia jina langu.

Nyigu alikuwa amekaa ukingoni mwa ulingo, uso ameuficha mikononi. Kumbe hakuwa hata amelala vizuri. “Mimi nilimcheka,” alisema. “Kaka yangu huyu ndiye aliyenifundisha kuanguka, nami nikamcheka kwa maneno ya kusikia.”

“Nami nilikukazia,” Kifaru akasema. “Tumekosa wote. Daktari akiniruhusu nitapanda Jumamosi, ila ule mrusho tuuache. Shingo bado.”

“Tuuache,” Nyigu akakubali. Wakashikana mikono. Kisha wakaanza kupanga upya pambano lao, polepole, hatua kwa hatua. Kabla ya kila mshiko Nyigu alinong'ona, “Tayari?” na Kifaru akajibu, “Tayari,” ndipo mmoja akamwachia mwenzake mwili. Nilikuwa nimetazama mieleka tangu utotoni na sikuwahi kuliona hilo. Nilidhani kwa kuwa imepangwa, hakuna kinachoweza kuvunjika.

Kesho yake nilikwenda kwa kinyozi. Kila hatua ilikuwa nzito. Walikuwepo wote.

“Nilidanganya,” nikasema kabla sijapoteza ujasiri. “Promota hakusema chochote. Kifaru ameumia shingo kwa sababu yangu.”

Safari hii hakuna aliyenipisha kiti. Fundi baiskeli alitikisa kichwa. Kinyozi akasema taratibu, “Nami nilimpelekea Nyigu bila kuuliza mara mbili. Nitamwomba radhi.” Karani mstaafu aliguna, akafikiri, kisha akaniinamia sikioni kama mtu aliyeona mwanya.

“Basi sasa unajua ukweli wenyewe. Nani anachukua mkanda? Niambie mimi tu.”

Nilikuwa najua, tena kwa hakika, maana niliwaona wakilipanga pambano hadi mwisho. Ulimi uliwasha, miguu iliwasha, mpaka nywele zikawasha.

“Najua,” nikasema, “lakini sisemi. Ya wateja si yangu.”

Kinyozi akacheka hadi akazima mashine.

Jumamosi mchana ukumbi ulifurika. Uvumi wangu uliwaleta hata wasiopenda mieleka, lakini Mama alinikataza kujipongeza kwa hilo. Kifaru aliingia na joho jekundu, akapanda ulingoni, akalivua. Hapakuwa na sponji wala tumbo. Watu walinyamaza kabisa, nami nikajiuma kidole. Kisha fundi baiskeli akasimama juu ya kiti chake akapaza sauti: “Bado ni Kifaru wetu!” Ukumbi wote ukapokea. Kifaru akasema habari za presha kwa maneno machache, akapigana, akabaki na mkanda wake. Nje, karani mstaafu alianza kueleza kwa nini promota aliamua vile. Ubishi ule nadhani unaendelea mpaka leo.

Jumatatu niliokota pini polepole, moja moja. Nilipomaliza, Mama alilishusha daftari jeusi kutoka kabatini, akaliweka mikononi mwangu. Mwanamke mmoja alikuwa nyuma ya pazia, akingoja kupimwa gauni.

“Mama, mimi?”

“Wewe. Nitasoma futi, wewe utaandika.” Akainama, macho yake yakawa sawa na yangu. “Uliona namba ukasema umesikia mtu. Kosa lako la kwanza ni kuchungulia, lakini uongo ndio uliotaka kumvunja mtu shingo. Usilolijua, sema hulijui, haitakupunguza kitu. Na unalolijua la mwenzako, lishike. Mtu akikuvulia nguo umpime, mwanangu, ni kama Kifaru anapomrukia Nyigu mikononi. Anaamini hutamwachia.”

Nikachora alama mpya juu ya ukurasa, nikakaa kwenye kigoda, nikangoja namba. Nilikaa kimya mpaka mteja akaondoka.