Bado Tuko Mhezi

Asubuhi ile Leticia alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jiko lake, mjini Same, akichambua maharage. Upepo ulikuwa umeanza kazi yake mapema. Ulipeperusha vumbi, ukapeperusha makapi ya mahindi, ukataka kupeperusha hata kanga aliyojifunga kichwani. Mbele yake milima ya Upare ilikuwa imejifunika ukungu, kama mtu asiyetaka kuamka.

Kwa mapishi, Leticia alijulikana mtaa mzima. Makande yake yaliliwa mpaka sufuria ikabaki inang'aa. Pakiwa na msiba au harusi, yeye ndiye aliyeitwa kushika mwiko. Kitu kimoja tu hakuthubutu kukipika. Kitu hicho ni keki.

Binti yake Faraja alirudi kutoka kwenye mafundisho ya kipaimara. Alikuwa na miaka kumi na minne. Aliketi chini karibu na ungo wa maharage.

"Mama, Jumapili ijayo ndiyo siku yangu."

"Najua, mwanangu. Gauni lako liko tayari."

"Sisemi gauni. Nasema keki. Nani ataioka?"

"Shangazi yako Nakiete ataleta keki kutoka Moshi. Baba yako ameshamwambia."

Faraja aliokota harage lililoanguka, akalirudisha kwenye ungo. Kisha akasema, "Mimi nataka keki ya babu."

Mkono wa Leticia ulisimama juu ya ungo.

Babu huyo alikuwa mzee Linus, baba yake Leticia. Alikuwa mpishi katika nyumba ya meneja wa shamba la mkonge, huko bondeni. Kila mwaka, wiki ya Krismasi, aliwaokea watoto wake keki moja. Aliiwekea tangawizi mbichi iliyotoka mlimani. Hakuwa na jiko la umeme. Alitumia sufuria nene na makaa. Akishaifunika keki, aliketi kwenye gogo, akaanza kumenya viazi huku akiimba.

Wimbo wake ulikuwa mrefu sana. Ulikuwa wimbo wa msaragambo, ule ambao watu wa mlimani huimba wakifanya kazi ya pamoja. Ulianzia Chome, ukapita Mhezi, ukashuka kona baada ya kona, mpaka Makanya kwenye reli. Kila kijito kilikuwa na ubeti wake. Kila jiwe kubwa lilikuwa na ubeti wake. Watoto walizunguka jiko huku mate yakiwadondoka.

"Baba, imeiva?"

"Bado tuko Mhezi!" alijibu mzee Linus, akaendelea kuimba.

Mzee Linus alifariki Leticia akiwa na miaka kumi na mitano. Alimwachia ile sufuria nene. Sasa ilikuwa imetundikwa ukutani, imejaa vumbi. Mara nyingi jioni Leticia aliwasimulia watoto wake habari za keki ile. Aliwasimulia harufu yake, rangi yake, na jinsi makombo yalivyogombaniwa. Lakini watoto wake hawakuwahi kuionja.

"Mama," Faraja alisema, "tunaisikia tu kila siku. Tutaila lini?"

 Leticia alirudi kwenye maharage yake. Lakini swali lile lilimkaa kifuani kama mfupa wa samaki.

Si kwamba hakuwahi kujaribu. Alijaribu mara moja, mwaka 1983. Ile ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni ilikatwa vipande, nguo zikafuliwa kwa majani ya mpapai. Watu walikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya manjano, na sukari ilikuwa hadithi. Mwaka huo mtoto wake wa pili, Humphrey, alibatizwa akiwa tayari na miaka mitano. Leticia alipanga foleni tangu alfajiri, akapata unga wa ngano kidogo. Sukari hakupata. Akatumia sukari guru. Unga wa kuumulia keki, ule unaoitwa beking pauda, haukuwepo dukani hata kwa dawa.

Basi Leticia akafikiri: magadi hulainisha maharage ya makande. Bila shaka yatalainisha na keki. Akatia magadi, kijiko kizima.

Keki ilitoka ya manjano. Ilikuwa nzito kama tofali. Wageni walipoonja, walitazamana. Wifi yake Nakiete hakuweza kujizuia.

"Wifi, hii ni keki au ni makande yaliyokauka?"

Wageni wote wakaangua kicheko. Leticia naye alicheka, maana mawifi hutaniana. Lakini usiku alilia. Tangu siku hiyo Nakiete alimwita Mama Magadi. Na tangu siku hiyo Leticia hakugusa tena sufuria ya baba yake.

Sasa ulikuwa mwaka 1986. Vitu vilikuwa vimerudi madukani. Katika duka la mzee Sefu palikuwa na unga wa ngano, sukari nyeupe, siagi ya kopo na beking pauda. Kisingizio cha kukosa vitu kilikuwa kimekwisha. Kilichobaki ni woga. Na aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka.

Jioni ile Leticia alimwambia mumewe, Tumainieli, "Baba Faraja, mwambie wifi asilete keki."

Tumainieli aliweka chini kikombe chake cha chai. "Kwa nini? Ataioka nani?"

"Mimi."

 "Mama Faraja, una hakika? Watakuja watu wa kanisani, na ndugu kutoka mlimani."

"Sina hakika. Lakini mwambie."

Jumatatu alisubiri watoto waende shule. Aliitungua sufuria, akaisugua kwa majivu. Akakoroga unga, sukari, siagi, mayai na beking pauda kwa kukadiria, kama anavyokadiria chumvi ya mboga. Akaweka sufuria juu ya jiko la mkaa lililokuwa linawaka vikali. Akafunika na kutia makaa machache juu ya mfuniko.

Dakika tano hazijapita, akafunua. Akachungulia. Akafunika. Akafanya kazi kidogo, akafunua tena. Keki ilikuwa inaanza kuumuka. Akafurahi, akafunua tena aone kama inaendelea. Mara ikabonyea katikati, kama shimo la kuku anayeoga mchanga. Chini iliungua. Ndani ilikuwa mbichi.

Leticia aliketi juu ya kigoda, akajifunika uso kwa kanga.

"Hodi humo! Nani anaunguza kitu kizuri namna hiyo?"

Alikuwa Bi Mwanaasha, jirani yake wa nyuma ya ua. Bi Mwanaasha alikuwa mama mtu mzima, mfanyabiashara. Aliuza vitumbua na keki karibu na stendi. Mikono yake ilinukia iliki siku zote.

"Karibu, Bi Mwanaasha. Shikamoo."

"Marahaba, Mama Faraja. Enhe, tuone mgonjwa wetu."

Aliitazama keki. Hakucheka. Alimega kipande pembeni, akakitafuna.

"Utamu upo. Mkono wako si mbaya hata kidogo. Niambie, umefunua mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Basi ni nyingi! Keki ni kama mzazi aliye chumbani, mwanangu. Haitaki kuchunguliwa. Ukifunua mapema, joto linatoka, upepo unaingia. Kilichokuwa kinapanda kinaanguka. Hukukosa ujuzi hapa. Umeiogopa tu. Na kila ulipoogopa, ukafunua."

Leticia alitabasamu kwa haya. Kisha akamsimulia habari za magadi.

Bi Mwanaasha alijipiga kofi pajani. "Magadi! Yaache kwenye makande yako. Kwenye keki yanaleta rangi ya manjano na uchungu. Lakini usijilaumu. Miaka ile mimi niliuza vitumbua vya mihogo, na watu wakala kimya kimya. Kila mtu ana magadi yake. Kesho mchana nakuja, tuoke pamoja."

Kesho yake alikuja na saa yake ya mezani kwapani. Faraja naye alikuwepo. Bi Mwanaasha aliketi kwenye kigoda na hakugusa kitu.

"Utaoka wewe," alimwambia Leticia. "Mimi ni mdomo tu. Kwanza, chukua kikombe kimoja, na usikibadilishe. Mboga unaweza kuikadiria, ikakusamehe. Keki haisamehi. Unga vikombe viwili. Sukari kikombe kimoja. Siagi nusu kikombe. Maziwa nusu kikombe. Mayai matatu. Beking pauda vijiko viwili vidogo vya chai, vya kusawazisha, si vya mlima."

Faraja alicheka. "Si vya mlima, Mama! Sisi wa mlimani tutafanyaje?"

"Nyamaza, paka siagi sufuria," alisema mama yake, naye akicheka.

Leticia alisaga siagi na sukari kwa mwiko mpaka vikawa laini na vyeupe. Alipotaka kuvunja yai juu ya bakuli, Bi Mwanaasha akamzuia.

"Vunja kwanza kwenye kikombe kingine. Yai moja viza litakuharibia kazi yote."

Akafanya hivyo. Akatia mayai moja moja. Akachekecha unga pamoja na beking pauda, akauchanganya taratibu na maziwa. Mwisho akakwangua tangawizi mbichi. Harufu ile ilipopanda, Leticia alisimama kidogo. Ilikuwa kama mtu amemwita jina lake la utotoni.

"Sasa moto," alisema Bi Mwanaasha. "Chukua sufuria kubwa. Tia mchanga mkavu wa korongoni, kina cha vidole viwili. Mchanga upate joto kwanza. Kisha ingiza sufuria ya baba yako juu ya mchanga. Makaa machache chini, makaa mengi juu ya mfuniko. Jana ulifanya kinyume, ndiyo maana chini iliungua."

Leticia akafunika. Akapanga makaa juu. Mkono wake ukaanza kuwasha kutaka kufunua.

"Nifanye nini sasa?"

"Hakuna. Subiri. Saa inasema saa nane kamili. Usifunue kabla ya saa tisa kasorobo."

"Mimi siku ile sitakuwa na saa, Bi Mwanaasha. Ya kwetu imekufa."

"Baba yako alikuwa nayo?"

"Hapana."

"Sasa alijuaje?"

 Leticia alitazama makaa. Alimwona baba yake kwenye gogo, kisu mkononi, maganda ya viazi yakianguka miguuni.

"Alikuwa anaimba," alisema polepole. "Bi Mwanaasha, alikuwa anaimba! Miaka yote hii nilidhani anajifurahisha tu."

"Imba basi, tusikie."

Leticia aliona haya. Alianza kwa sauti ndogo, kwa Chasu, lugha ya Wapare, akitokea Chome. Beti zilikuja moja moja, kama mbuzi wanaorudi zizini. Alichukua kisu na kiazi, maana bila kiazi wimbo ulikuwa unakwenda mbio. Akapita Mhezi. Akavuka vijito. Akashuka kona zote. Faraja alisikiliza bila kupepesa macho.

Alipofika Makanya kwenye reli, alinyamaza. Bi Mwanaasha akageuza saa. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi na mbili.

"Subhanallah! Mzee huyu alikuwa na saa kifuani. Vuta pumzi kidogo, kisha ufunue. Chukua njiti safi ya ufagio, uichome katikati. Ikitoka na ujiuji, bado. Ikitoka kavu, imeiva."

Leticia alisubiri dakika chache, akafunua. Keki ilikuwa imejaa, rangi ya udongo wa mlimani. Njiti ikatoka kavu.

"Usiitoe sasa hivi," alionya Bi Mwanaasha. "Iache ipoe kwanza, isije ikavunjika."

Siku ya Jumamosi Nakiete alifika kutoka Moshi. Alimkuta Leticia nje, akimenya viazi karibu na jiko na kuimba. Makaa mekundu yalikuwa juu ya mfuniko.

"Wifi! Mama Magadi! Kumbe ni kweli? Kaka ameniambia nisilete keki, nikadhani ananitania. Nikaja mikono mitupu! Kesho tutawapa wageni nini?" Akainama kushika mfuniko. "Hebu tuone."

 Zamani Leticia angemwachia. Angesema, "Ona tu, wifi, pengine imeharibika." Leo alinyoosha kisu chenye ganda la kiazi, akamzuia.

"Ondoa mkono, wifi. Bado tuko Mhezi."

"Mhezi? Sisi tuko Same!"

Faraja alicheka mpaka akashika ukuta. Leticia aliendelea na ubeti wake, akishuka taratibu, wala hakuharakisha.

Jumapili, baada ya ibada, keki ilikatwa katika ukumbi wa kanisa. Nakiete alichukua kipande kidogo, kwa tahadhari, kama mtu anayeonja dawa. Alitafuna. Leticia alimtazama kwa pembeni, mikono imeshika kanga.

 Nakiete alichukua kipande cha pili. Kisha akasogea karibu, akanong'ona, "Wifi, nifundishe."

"Utaweza kuimba?"

"Kuimba kunahusiana vipi na keki?"

"Leta kigoda kesho, na viazi. Utajua."

Upande wa pili wa ukumbi Faraja alikuwa amezungukwa na watoto wadogo. Sahani yake ilikuwa na kipande cha mwisho, naye aliwakatia vipande vidogo vidogo. Humphrey alisukuma wenzake apate kuwa mbele.

"Dada, nyingine itaokwa lini? Krismasi iko karibu?"

Leticia alimsikia binti yake akijibu, kwa sauti nzito ya kuigiza, sauti ya babu ambaye hakuwahi kumwona.

"Bado tuko Mhezi!"