Mlio wa Pikipiki ya Arwa

"Mwanangu, mle ndani ya pikipiki mna seremala?"

Bi Mwatum, jirani wa ukuta mmoja pale Kiembe Samaki, alimuuliza Arwa hivyo asubuhi moja, ufagio mkononi. Arwa alicheka tu, akapanda. Suruali chini, baibui juu, helmeti juu ya mtandio, na kikapu cha hina na piko kimefungwa nyuma kwa mpira. Ndivyo alivyokwenda kuwapamba maharusi tangu mumewe, Allah amrehemu, alipofariki na kumwachia chombo kile. Eda alishaimaliza zamani.

Ijumaa moja mlio ulimtia aibu hasa, mbele ya soko la Mwanakwerekwe. Injini ikagonga ko-ko-ko hata wauza ndizi wakageuka. Arwa akaegesha, na papo hapo kila mwanamme pale akawa fundi. Mmoja alisema pistoni imekufa. Mwengine akataka injini ishushwe yote. Wa tatu akamshauri aiuze ingali inatembea.

"Izime kwanza, bibie."

Aliyesema ni Ghanim, fundi mwenye karakana nyuma ya soko. Siku ile hakufanana na fundi. Alitoka msikitini na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia ya viua, harufu ya udi, na fungu la mchicha mkononi. Akachutama, akamwomba aiwashe tena, akatega sikio. Waliokuwa wakibishana aliwainulia kidole, wakatulia.

"Binya klachi."

Arwa akabinya. Mlio ukakatika.

"Achia."

Ko-ko-ko.

"Pistoni yako nzima," Ghanim akasema. "Ingekuwa pistoni isingejali klachi. Kitu kimelegea huku kwenye klachi yenyewe. Anayetaka kukushushia injini nzima, mwambie ashushe yake."

"Una hakika?"

"Nshaitia oili kanzu ya Ijumaa, bibie. Kwa kubahatisha nisingeitia."

Arwa akaitazama ile kanzu, akacheka mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya siku nyingi.

Pikipiki ilitengenezwa ikapona. Lakini simu ndiyo kwanza zilianza.

"Alo, fundi. Nnahisi inagonga tena."

"Iwashe, kisha niwekee simu karibu."

Arwa akaweka. Injini ikanguruma laini kama paka aliyeshiba.

"Sisikii kitu," Ghanim akasema.

"Sikiliza vizuri."

"Nnasikia injini nzima na mtu muongo."

"Mie muongo?"

"Muongo wangu," akajibu taratibu, na wote wawili wakabaki na simu masikioni, hakuna wa kukata.

Ghanim hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Wiki ile ile alimwambia kwamba simu si mahali pa maneno kama yale, atatuma wazee wake. Arwa akamwambia awatume.

Wazee wakenda Malindi, kwa Ami Azzan, ndugu wa marehemu baba yake Arwa na walii wake wa kumuozesha. Mzee akaingia ndani alikoketi Arwa, akamuuliza kama anamridhia Ghanim. Arwa akainamisha kichwa, akatabasamu ndani ya mtandio, asiseme kitu. Mara ya kwanza alipoposwa alifanya vivyo hivyo, na vigelegele vikapigwa. Ami Azzan akangoja. Akauliza tena. Kisha akatoka na moyo mzito, kwa sababu mwari akinyamaza amekubali, lakini mjane sharti atamke mwenyewe. Mzee alimcha Mungu, hakutaka kumtilia mtoto wa ndugu yake maneno mdomoni. Akawaambia wageni kuwa hakukubali. Arwa mwenyewe hakuambiwa, kwani aliyekataa si anajua kama amekataa?

Basi Arwa akakaa akingoja kutajiwa siku. Alinunua doti ya kanga, akatia udi nguo zake. Simu ya Ghanim ikawa haipokelewi. Akapiga, akapiga, mpaka adhuhuri moja ikapokelewa.

"Ghanim, nimekukosea nini?"

"Bi Arwa," akasema, na hilo "Bi" likamchoma Arwa kuliko matusi. "Umenikataa mbele ya ami yako. Kukupigia simu tena itakuwa kukuvunjia heshima."

"Nimekukataa lini? Mie nilinyamaza."

"Ndiyo hivyo. Ulinyamaza."

Arwa akakaa kitako kwenye ngazi. "Mie si mwari," akasema polepole.

Upande wa pili Ghanim akashusha pumzi. "Arwa, ulinyamaza kwa haya?"

"Ulidhani kwa nini, mpenzi wangu?"

"Basi skiza. Msikitini nimesikia kuna wazee wa Mkokotoni wako kwa ami yako sasa hivi, wamekuja kukuposa kwa ajili ya mtu wao. Wameambiwa mie nimekataliwa, hawana kosa. Mie pale sina neno. Neno unalo wewe."

Arwa akakata simu. Alishatia ufunguo kwenye pikipiki.

Malindi aliegesha chini ya dirisha la Ami Azzan, akavua helmeti, akajifunga vizuri mtandio wake wa zari. Juu, wanaume walikuwa kwenye kahawa na halua. Chumba kile wanawake hawakuingia wakiwapo wageni. Arwa akasimama kizingitini, akatoa salamu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Kuna nini, mwanangu?"

"Uliniuliza, sikukujibu. Nilidhani kimya kinatosha, kama mara ya kwanza. Nnakujibu leo, na wazee hawa ni mashahidi. Nimekubali kuolewa na Ghanim bin Msabah. Nimelitamka mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha."

Mzee wa Mkokotoni akaweka kikombe chini, akamgeukia mwenyeji wake. "Alhamdulillahi. Huyu ana mtu wake. Sisi hatuposi juu ya posa ya Muislamu mwenzetu."

Ami Azzan alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya kilemba. Akataka kumuuliza Arwa kuhusu siku, na mahari, na nani wa kualikwa. Arwa alikwishageuka. Akavaa viatu vyake mlangoni, akashuka ngazi, akatoka, maana neno lililotakiwa alikwishalitamka.