Mkono wa Tatu wa Rangi

Watu wa uwanja wetu wa ndege wakisimulia habari za Orrin Halvorsen huishia kwenye ajali, halafu wanarudi kwenye kahawa yao. Mimi nilikuwa jirani yake. Banda langu la ndege na lake yalitenganishwa na ukuta wa bati tu, na kuna sehemu ya kisa hiki ninayoijua peke yangu.

Uwanja wenyewe ni mdogo, huku Wisconsin kaskazini. Una njia moja ya kurukia, mabanda kumi na mawili, na chumba chenye jiko ambamo kila Jumamosi ya kwanza ya Juni tunapika pankeki na soseji, wageni wakija kwa ndege zao kula. Wengi wetu tunaruka kwa ndege tulizojiundia wenyewe. Orrin alikuwa fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe, amefiwa na mke, mtu wa maneno machache. Ndege yake aliiunda kwa miaka tisa pamoja na binti yake, Maren. Walipoanza, binti alikuwa na miaka kumi na tano na vyuma kwenye meno. Walipomaliza, alikuwa mwalimu wa sekondari. Kabla ya kulifunga bawa walituita majirani tuandike majina yetu ndani yake, kama ilivyo desturi. Mimi niliandika langu kwa herufi kubwa, maana nilimpenda yule msichana kama wa kwangu.

Ndege hiyo ilikuwa na kifuniko cha kioo juu ya vichwa vya wanaoendesha. Ikiwa bado inatembea chini, hasa siku za joto, watu huacha kifuniko wazi kidogo wapate hewa, halafu hulifunga komeo kabla ya kuruka. Ili mtu asisahau, Orrin aliweka taa nyekundu kwenye dashibodi. Komeo lisiposhika, taa inawaka. Likishika, inazimika. Taa ilikuwa ndogo kama punje ya mahindi, lakini ya hizi za siku hizi, kali ajabu. Jioni ya kwanza Maren aliketi ndani akafumba macho.

"Baba, umeniwekea taa au jua?"

"Funga komeo, itazimika."

"Kabla sijalifunga nitakuwa nimeshaingia mtaroni. Sioni hata njia."

Sisi waundaji tuna dawa yetu ya taa kali, nayo ni rangi ya kucha. Orrin alikuja mlangoni kwangu, ameshika kofia, akaomba chupa yangu nyekundu.

"Orrin, umeanza kujiremba?"

"Nipe chupa, Lavonne, na unyamaze."

Alipiga mkono wa kwanza wa rangi juu ya taa, akaisukuma ndege nje kwenye jua la adhuhuri, akaitazama taa. Akapiga mkono wa pili, akaitoa nje tena, akaitazama. Bado ilionekana vizuri. Akasema inatosha, akanirudishia chupa.

Hiyo ilikuwa Septemba. Januari Orrin akalala kitandani kwa mafua, na Maren akaja bandani peke yake. Nje theluji ilifika magotini. Tulikuwa tumefunga milango na kuwasha jiko la mafuta.

"Shangazi," akasema, kama alivyozoea kuniita, "taa bado inaniuma macho. Nipigie mkono mmoja tu wa rangi."

"Na baba yako?"

"Usimwambie. Atanuna wiki nzima."

Nikapiga. Tukazima taa ya dari, tukaitazama sote wawili, vichwa vyetu vimegusana. Ilikuwa nyekundu tulivu, ya kupendeza. "Sasa ndiyo taa," akasema Maren. Hatukuitoa ndege nje. Nani angesukuma ndege kwenye theluji ile kwa ajili ya taa?

Jumamosi ya kwanza ya Juni nilikuwa jikoni nageuza pankeki. Kulikuwa na joto tangu asubuhi. Maren alipita mbele ya dirisha, kifuniko kimeinuliwa kidogo, akatupungia mkono. Jua lilikuwa limemkabili. Aliruka. Ndege ilipofika juu ya miti, kifuniko kikafunguka chote, na ndege ikaporomoka.

Nilikimbia na wenzangu. Sitaeleza tulichokiona. Nitasema tu kwamba bawa lilikuwa limepasuka, na jina langu lilikuwa juu, linasomeka.

Wakaguzi wa ajali walikaa siku nne. Walisema komeo halikufungwa, na taa iliwaka, ila rangi ilikuwa nzito mno kwa jua la asubuhi ile. Mikono mitatu, walisema. Orrin alikuja kuketi kwenye ngazi ya nyumba yangu.

"Nilipiga miwili, Lavonne. Ninakumbuka miwili. Au nimeanza kusahau, kama marehemu mama?"

Ningeweza kumjibu pale pale. Badala yake nikasema, "Huenda umesahau, Orrin."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Tangu siku hiyo alianza kuandika kila kitu kwenye vikaratasi, hata kama amekula au bado. Nilikuwa nikiviona vimebandikwa bandani kwake, na moyo ulikuwa ukiniuma kiasi cha kushindwa kuvisoma.

Aliomba arudishiwe dashibodi, akaitundika ukutani ikitazama mlango. Mwezi wa tisa, saa sita mchana, akanigongea bati.

"Njoo uone. Inawaka."

Nilisogea. Jua lilikuwa limejaa bandani. Sikuona kitu. Nikachungulia nyuma ya dashibodi. Waya zote zilikuwa zimekatwa na wakaguzi, ncha zake zikining'inia hewani. Betri haikuwepo.

"Ikinge kwa viganja," Orrin akanong'ona. "Weka jicho."

Nikakinga. Nikaweka jicho.

Kulikuwa na nukta nyekundu, hafifu, mbali sana chini ya rangi. Na kioo chake kilikuwa na joto, kama kikombe kilichotoka kushikwa.

"Sioni kitu," nikasema.

Huo ulikuwa uongo wangu wa pili kwake. Nilimwona akichukua karatasi na kuandika kwamba Lavonne haoni.

Kuanzia hapo, kila adhuhuri, nilimsikia nyuma ya bati akizungumza na taa ile kwa sauti ya chini. "Nilipiga miwili, mwanangu. Au mitatu? Niambie basi." Akinyamaza kusubiri jibu, mimi nilikuwa nikiongeza sauti ya redio. Miezi tisa nilifanya hivyo.

Juni ikarudi. Siku ya pankeki nilimwona Orrin amenyoa ndevu na kuvaa shati jeupe. Alikuwa ameitoa nje ndege yake ya zamani, ile ya njano ya viti viwili, iliyolala tangu mazishi ya Maren. Nikaenda kumwuliza kulikoni. Alikuwa ndani ya banda, amesimama mbele ya dashibodi.

Nilishindwa kuvuka kizingiti.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mlango ulikuwa wazi, jua limeingia hadi ukutani. Na bado banda zima lilikuwa jekundu. Nyundo zilikuwa na vivuli. Vikaratasi vilikuwa vyekundu. Shati lake lilikuwa jekundu, uso wake mwekundu, na taa ile ya punje ya mahindi ilikuwa ikimchoma machoni kwa karibu. Hakupepesa.

"Leo haiwaki," akasema kwa utulivu. "Imezimika kabisa. Nadhani Maren ameridhika, Lavonne. Acha niruke kidogo."

"Orrin. Inawaka."

"Usinifanyie hivyo."

"Inawaka. Inamulika banda zima."

"Miezi yote hii ulisema huoni."

Hakusema kwa hasira. Alinipita, akatoka, nami nikamgeukia. Nilimsikia akiondoa kabari kwenye magurudumu. Mwanga nyuma yangu ukaanza kupiga, unawaka, unakatika, unawaka. Kivuli changu kikawa kinaruka kwenye lami mbele yangu, mchana kweupe. Taa ile ilikuwa na neno moja tu ililojua kusema, kwamba kuna kitu hakijafungwa. Mimi ndiye niliyefanya lisionekane, kwanza kwa Maren, sasa kwa baba yake.

Orrin alishika panga linalozunguka mbele ya ndege, tayari kuiwasha injini.

"Mkono wa tatu niliupiga mimi," nikasema.

Hakulizungusha.

"Januari, ulipokuwa mgonjwa. Maren aliniomba. Milango ilikuwa imefungwa, hatukuitoa juani. Hukusahau kitu, Orrin. Ulipiga miwili."

Aliliachia panga polepole. Akakaa chini, akaegemea gurudumu, shati lake jeupe kwenye vumbi.

"Mwaka mzima," akasema. "Mwaka mzima nilidhani akili imenitoka. Nilidhani nimemuua mtoto na sikumbuki."

"Ninajua."

"Ulijua," akasema. "Nenda nyumbani kwako, Lavonne."

Nyuma yangu mwanga ukakatika. Kisha, ndani ya banda lile lisilo na ndege wala kifuniko, nikasikia komeo likishika. Sauti moja, kavu. Orrin naye aliisikia, maana alifumba macho.

Hakuruka siku ile wala siku nyingine. Ndege ya njano aliiuza, na fundi wa mnunuzi alipoikagua alikuta pini ya usukani wa mkia haipo. Orrin alikuwa ameufungua mkia majira ya baridi ili ausafishe, na hakuirudisha. Fundi alisema ndege ile isingefika hata kwenye miti.

Alihamia kwa dada yake, Duluth. Nilimwandikia barua kumi na moja. Hakujibu hata moja, nami simlaumu. Majira ya tatu ya baridi akafariki, na Juni iliyofuata dada yake akaniletea sanduku kwa posta. Ndani kulikuwa na dashibodi imefungwa kwa taulo. Hakukuwa na barua.

Niliikagua taa kwa kioo cha kukuzia. Rangi ukiitazama pembeni unaweza kuhesabu mikono yake. Ilikuwa mikono miwili. Wa tatu haukuwepo, na hapakuwa na alama ya kukwaruza wala dawa ya kutolea rangi.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Nilipokiweka kioo mezani ndipo nilipoona ukucha wa kidole gumba cha mkono wangu wa kulia. Ulikuwa mwekundu. Sijapaka kucha tangu tumzike Maren.

Niliufuta ukafutika. Mwaka uliofuata, Jumamosi ileile, nikaamka nao tena. Mwaka huu pia. Juani unaonekana rangi ya kawaida tu, mwenzangu mmoja jikoni hata aliusifu. Lakini nikiukinga kwa kiganja cha kushoto na kuweka jicho, chini ya rangi kuna taa inawaka.