Wakili wa Mjane

Ukumbi wa zahanati ya macho ulijaa watu wasioona vizuri. Walikuwa wametiwa dawa ya kupanua mboni na kuambiwa wasubiri nusu saa, na televisheni ya ukutani ilikuwa inarudia tamthilia ya jana yake. Basi karani wa mapokezi, aliyevaa gauni la kijani na kitambaa cheupe kichwani, alikuwa akiwasimulia.

"Mjane amesimama mlangoni," alisema huku akigonga mhuri kwenye kadi. "Rubani hataki hata kumtazama. Mjane analia, maskini."

"Halii," ilisema sauti kutoka juu.

Fundi wa televisheni alikuwa kwenye ngazi, bisibisi mkononi, akitengeneza spika iliyokuwa ikikoroma.

"Anafuta jasho," akaendelea. "Wewe dada unamwongezea machozi."

"Kaka, umeitwa utengeneze spika au utengeneze hadithi?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mzee mmoja aliyefungwa bandeji jicho moja akauliza kwa hasira, "Analia au halii? Semeni moja!"

"Analia, baba," alisema karani.

"Jasho, mzee," alisema fundi.

Wiki iliyofuata spika ilinyamaza kabisa. Karani ndiye aliyechomoa waya, kisha akampigia simu fundi kwa sauti ya kikazi kabisa. Fundi alifika akinukia sabuni, akaurudisha waya kwa kidole kimoja, akamtazama. "Tatizo hili litajirudia," alisema. "Bora unipe namba yako, si ya ofisi."

Hapo ndipo mapenzi yao yalipoanza. Fundi alimwingiza kwenye kundi la mashabiki wa tamthilia ile kwenye simu, ambako watu sitini waligombana kila siku juu ya watu wasiokuwepo. Huko karani akaitwa Wakili, kwa sababu alimtetea Mjane kwa kila alilofanya. Fundi aliitwa Hakimu, kwa sababu hakumwachia hata moja.

"Hujambo, Wakili wangu?" alikuwa akimpigia kila asubuhi.

"Sijambo, mheshimiwa. Mteja wangu ameamkaje?"

"Mteja wako mwongo."

"Mteja wangu ana sababu zake. Na wewe una roho ya korosho."

"Roho ya korosho inakupenda."

Akicheka, alifunika mdomo kwa mkono ili wagonjwa wasimsikie.

Lakini alikuwa na jambo lake. Katika tamthilia, Mjane alikuwa na binti aliyemzaa zamani, akamwambia kila mtu, hata Rubani aliyetaka kumwoa, kwamba ni mdogo wake. Na nyumbani kwa karani, katika vyumba viwili vya ghorofa ya tatu, alikuwepo binti wa miaka tisa aliyemwita karani Dada, na kumwita bibi yake Mama. Karani alimzaa akiwa na miaka kumi na saba. Mama yake ndiye aliyepanga iwe hivyo, ili msichana amalize shule. Alimaliza. Uongo haukumalizika. Kila jioni karani alipiga magoti kando ya kitanda alicholalia na binti huyo, akaomba, "Mungu wangu, nipe mdomo wa kusema." Asubuhi aliamka na mdomo uleule.

"Jumapili nakuja kwenu," fundi alimwambia siku moja. "Nimenunua shati la kola. Mwambie mdogo wako yule anayepokea simu yako na kunihoji kama polisi kwamba namletea biskuti."

"Njoo," alijibu karani.

Alhamisi ya wiki hiyo, katika tamthilia, binti wa Mjane aligundua ukweli. Kundi likawaka moto. Wengine walisema waandishi wamemwonea Mjane, wengine wakasema wamechelewesha mno. Fundi akatuma ujumbe wa sauti, na sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo.

"Mnamwonea huruma ya nini? Mwanamke anayemkana mwanawe akimtazama machoni kila asubuhi hafai kuolewa. Hafai hata kusalimiwa. Asisamehewe."

Karani aliusikiliza mara tatu katika stoo ya zahanati, katikati ya maboksi ya fremu za miwani. Kisha akaandika maneno mawili, "Jumapili usije," akazima simu.

Fundi alielewa vibaya, kama ambavyo shabiki tu angeelewa. Alidhani mpenzi wake amesusa kwa sababu ametukaniwa mteja. Akatuma jumbe kumi na tatu zisizofika. Akaandika kundini mbele ya watu sitini, "Namwomba radhi Mjane. Nilizidisha."

"Hakimu kahongwa!" walimcheka. "Wakili kamlambisha asali!"

Hakucheka nao. Alifungua televisheni aliyoletewa kutengeneza, akashindwa kuifunga tena. Karani naye hakula, na nusura ampeleke chumba cha upasuaji mama aliyekuja kuchukua miwani. Kila alipomwona binti akivaa sare za shule, neno lilimfika kooni, akalimeza.

Siku ya kumi na mbili fundi aliingia zahanati amevaa shati la kola, vifungo vimepishana.

"Sina ngazi leo," alisema kwa sauti iliyopasuka. "Nimekuja kusema Mjane alikuwa analia. Siku ile. Nilimwona. Nisamehe, nirudishie sauti yako."

"Si Mjane," karani alinong'ona. Akamvuta hadi stoo. "Unadhani nalilia televisheni? Yule anayekuhoji kwenye simu si mdogo wangu. Nimemzaa mimi. Haya, hukumu."

Fundi alikaa juu ya boksi.

"Sikusema 'asisamehewe' kwa ajili ya Rubani," alisema. "Rubani mtu mzima, atapona. Mimi nililelewa na dada yangu. Alipofariki nilikuwa na miaka ishirini na sita. Makaburini shangazi akanisukuma mbele: mwaga udongo wa kwanza, wewe ndiye mwanawe."

"Mungu wangu."

"Tangu siku hiyo nina maswali na sina wa kumuuliza. Nikiona mama kama yule, hata kwenye televisheni, nachanganyikiwa."

"Basi nisamehe."

"Siwezi, mpenzi. Hujanikosea mimi." Alimshika mikono yote miwili. "Mkosewa yuko nyumbani. Nenda ukamwambie."

"Akinikataa?"

"Nitakuwa mlangoni."

Jumapili, bibi aliwapokea akiwa amekunja uso. "Mnataka kunivunjia nyumba?" aliuliza. Kisha akamtazama mwanawe alivyokonda, akaanza kuomba chinichini.

Karani alisema. Alianza vibaya, akarudia, akasema tena. Binti alimtazama bibi, bibi akainamisha kichwa. Binti akakimbilia chumbani, ufunguo ukazunguka.

Saa nzima ilipita. Karani alikuwa amepiga magoti, paji la uso likiwa kwenye mbao za mlango. Alijaribu kuomba, hakupata hata neno moja la kumpa Mungu. Fundi aliketi kando yake bila kumgusa.

"Unasikia?" fundi aliuambia mlango taratibu. "Mimi ni yule wa biskuti. Una haki ya kukasirika. Kasirika hata mwaka. Ila yeye yupo hapa, unaweza kumuuliza lolote."

Kisha ufunguo ukarudi nyuma, mlango ukafunguka upana wa kiganja. Jicho moja lililovimba likamtazama karani.

"Ungeniambia kama huyu asingekuja?"

Bibi alikohoa, akitaka kujibu kwa niaba yake. Karani alitikisa kichwa kumzuia. Jibu zuri lilikuwa karibu, tamu, na angeaminiwa.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa naogopa. Sijui."

Binti akauvuta mlango ukafunguka zaidi.

"Ingia wewe," alisema. "Yeye asubiri nje."

Mlango ukafungwa nyuma ya karani. Bibi akamsogezea fundi kigoda, naye akaketi, akasubiri.